Mwezi wa Kuzaliwa na Mustakabali wa Kandanda Nchini Kanada

Kanada yasifika kwa mchezo wa magongo ya barafuni, lakini katika kandanda ya wanaume imechelewa. Iliingia fainali za Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza mwaka 1986, ikashindwa mechi zote tatu bila kufunga bao, kisha ikangoja hadi mwaka 2022 ili kurudi. Wanawake wake walitangulia kwa kutwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Tokyo mwaka 2021. Mwaka 2018 nchi hiyo ilikabidhiwa, pamoja na Marekani na Mexico, uenyeji wa fainali za 2026. Hata hivyo, viwanja vizuri havizai wachezaji. Jambo la msingi ni jinsi watoto wanavyochaguliwa.

Mwaka 1985, mwanasaikolojia Roger Barnsley na wenzake walionyesha kwamba wachezaji hodari wa magongo ya barafuni nchini Kanada walizaliwa kwa wingi katika miezi ya mwanzo ya mwaka. Uchunguzi uliofuata uliona hali hiyo hiyo katika kandanda ya nchi nyingi.

Sababu yake si nyota za mbinguni. Watoto hupangwa katika makundi kwa mwaka wa kuzaliwa. Kwa hiyo, mtoto wa Januari hushindana na wa Desemba aliye mdogo kwake kwa miezi kumi na mmoja. Katika umri wa miaka minane, tofauti hiyo ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya maisha ya yule mdogo. Mkubwa humzidi kwa kimo na mbio, na kocha hudhani kuwa hicho ni kipaji. Akishachaguliwa hupata mazoezi bora, na tofauti iliyoanza kwa bahati hugeuka kuwa ya kweli. Ubelgiji ilipohamisha mwanzo wa mwaka wa michezo kutoka Agosti hadi Januari, mwaka 1997, manufaa nayo yalihamia kwa watoto wa Januari.

Nchini Kanada hasara hii huzidishwa na majira. Theluji hufunika viwanja kwa miezi mingi, mazoezi yakahamia katika kumbi zinazokodiwa kwa fedha za wazazi. Mtoto maskini aliyeachwa hukosa timu, akakosa na mahali pa kuchezea.

Alphonso Davies alizaliwa tarehe 2 Novemba 2000 katika kambi ya wakimbizi nchini Ghana, akalelewa Edmonton, ambako alicheza kandanda ya bure baada ya masomo. Mwaka 2022 aliifungia Kanada bao lake la kwanza katika fainali za Kombe la Dunia la wanaume. Mchezaji mmoja hatengui kanuni, lakini huonyesha hazina inayoweza kupotea.

Yafaa basi uteuzi ucheleweshwe, watoto wapangwe mara kwa mara kwa ukuaji wa mwili badala ya kalenda, na kumbi zifunguliwe kwa wasio na uwezo. Kanada ikifanya hivyo, itachagua wachezaji wake kutoka miezi yote kumi na miwili.