Karatasi Moja Haithibitishi Bunduki

Wahenga walinena kwamba nyota njema huonekana asubuhi. Sina ugomvi na wahenga, lakini katika uwanja wa kulenga shabaha methali hii imewapotosha wengi. Mtu hununua bunduki mpya ya .22, hufyatua risasi tano, na matundu yakikaribiana hutangaza kwamba amepata silaha isiyokosea. Mimi nashikilia kwamba bado hajathibitisha lolote.

Risasi ya .22 Long Rifle, iliyobuniwa Marekani mwaka wa 1887, ina uzito wa takriban gramu 2.6. Baruti yake huwashwa na kemikali iliyowekwa ndani ya ukingo wa kitako cha ganda. Bunduki huuponda ukingo huo inapofyatuliwa, na kwa sababu hiyo ganda halijazwi tena kwa njia ya kawaida. Mwenye bunduki kubwa aweza kujipimia baruti mwenyewe. Mwenye hii ndogo hana budi kutafuta risasi inayoifaa bunduki yake kati ya zile zilizotoka kiwandani.

Je, utafutaji huo una maana gani? Katika mashindano ya Olimpiki ya mita 50, duara la alama 10 lina kipenyo cha milimita 10.4 tu. Risasi inayotoka mtutuni kwa kasi ya mita 330 kwa sekunde huanguka kiasi cha sentimita 12 kabla ya kufika. Inayofuata ikipungukiwa na mita 10 tu kwa sekunde, itaanguka takriban milimita 7 zaidi. Mwanafunzi wa fizikia aweza kuyahakiki haya kwa kalamu na karatasi. Miaka ya mazoezi yaweza kupotea kwa chembe chache za baruti.

Ndiyo maana watengenezaji kama Eley wa Birmingham, Uingereza, na Lapua huko Schönebeck, Ujerumani, huwapokea walengaji pamoja na bunduki zao. Mtutu hubanwa imara ili mkono wa binadamu usiingilie, kisha risasi za mafungu mbalimbali hujaribiwa. Ajabu ni kwamba risasi za jina moja na bei moja, zilizotengenezwa siku tofauti, hazilengi sawasawa. Tena fungu linalopendwa na bunduki hii laweza kukataliwa na dada yake wa kiwanda kimoja.

Jaribio la haki lina masharti. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Unapobadili risasi, fyatua chache kwanza bila kuzihesabu, kwa kuwa mafuta ya zile zilizotangulia yangalimo mtutuni. Usitosheke na risasi tano. Rudia mara nyingi, maana tano huweza kukaribiana kwa bahati. Usipime tu umbali kati ya matundu mawili ya pembeni. Pima kila tundu kutoka katikati ya kundi lote, ili kila risasi itoe ushahidi wake.

Sharti kuu ni uaminifu. Wapo wanaofyatua karatasi kumi, wakatupa tisa, na kuwaonyesha wenzao ile moja iliyopendeza. Karatasi hiyo si ya uongo, lakini habari inayotolewa nayo ni ya uongo mtupu. Sioni tofauti kati ya mtu huyo na shule inayobandika langoni picha ya mtahiniwa wake mmoja aliyepata alama ya A, huku mamia ya wenzake hawatajwi. Mzazi anayesoma bango hilo ameonyeshwa tundu moja.

Basi, walimu wa sayansi, wafundisheni vijana kuuliza: zile karatasi nyingine tisa ziko wapi? Nanyi wanafunzi, mnapoandika ripoti za maabara, msiyafute matokeo yanayowaudhi. Tundu lililokwenda kombo nalo ni shahidi.