Chumba cha darini: Usishindane na ukuta ulioinama

NYUMBA njema si mlango, walisema wahenga. Katika mitaa mingi ya Nairobi, nyumba za ghorofa zenye paa la vigae hupendeza ukizitazama kutoka barabarani. Lakini hebu panda ngazi hadi juu kabisa, kwenye kile chumba kilicho chini ya paa. Mara nyingi utakuta masanduku, kitanda cha mtoto kilichovunjika na marundo ya magazeti ya zamani. Wakati huo huo, kijana wa nyumba hiyo anajiandaa kwa mtihani kwenye meza ya chakula, huku wadogo zake wakitazama televisheni kando yake.

Je, kwa nini chumba kizima kiachiwe panya na vumbi? Wengi husema kina joto, kinabana, na kuta zake zimeinama kiasi kwamba hakipambiki. Joto ni kweli lipo, ila lina dawa. Ama kuhusu kuta, shida ni kwamba watu huzipamba kana kwamba zimesimama wima.

Anza na paa, si rangi

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kabla ya kununua mkebe wa rangi, ngoja siku ya mvua kubwa, kisha panda na tochi umulike kila pembe. Doa lenye rangi ya chai kwenye ukuta ulioinama ni ishara kwamba maji yanapenya. Rekebisha kigae au bati kwanza, uache pakauke kabisa. Kisha pakaza doa hilo rangi ya mafuta ya kutangulia kabla ya rangi ya maji. Ukiruka hatua hiyo, doa litachomoza tena baada ya muda mfupi.

La pili ni joto. Nairobi iko karibu na ikweta, na mwezi wa Machi na Septemba jua la adhuhuri hupita karibu na utosi. Ndiyo maana paa hupokea joto jingi kuliko kuta za nje. Hewa ya moto hupanda juu, kwa hivyo ipe mahali pa kutokea: dirisha au matundu ya hewa katika ncha zote mbili za chumba. Ikiwa paa ni la mabati, mwambie fundi aweke kizuia joto kati ya bati na mbao za silingi, na aache nafasi ya hewa kupita.

Tahadhari moja kubwa: nyumba za zamani huenda zikawa na paa au silingi ya asbestosi. Usiitoboe wala kuisugua kwa msasa, kwani vumbi lake huweza kuleta saratani ya mapafu. Kanuni za mwaka 2006 ziliiweka asbestosi katika orodha ya taka hatari. Kuiondoa ni kazi ya wenye leseni ya NEMA, si ya fundi wa mtaani.

Tena hakikisha kwamba hicho ni chumba kweli. Dari nyingi zilijengwa kubeba silingi tu, si kitanda na watu. Ikiwa unataka kugeuza dari iwe chumba, tafuta mhandisi na idhini ya kaunti kabla ya kupandisha godoro.

Rangi moja, juu na chini

Kosa la kawaida ni kupaka ukuta wima rangi ya samawati na ule ulioinama rangi nyeupe. Mstari unaotokea hapo hukata chumba vipande viwili, na paa huonekana kama linakushukia kichwani. Paka zote mbili rangi moja hafifu, kama vile maziwa, krimu au manjano iliyofifia. Jicho halitaona mahali ukuta unapoanza kuinama, na chumba kitaonekana kipana.

Chagua rangi isiyong'aa. Mwanga wa dirisha hupita ukutani kwa upande na kufichua kila kibonge cha plasta, na rangi inayong'aa huzidisha aibu hiyo. Ukipenda rangi nzito, kama vile kijani au ya udongo, ipeleke kwenye ule ukuta wima wa mwisho wenye umbo la pembetatu. Ukuta mmoja tu unatosha.

Samani fupi pembeni

Pima kabla ya kupanga. Paa likiinama kwa nyuzi 45, kila mita unayosonga kuelekea katikati huongeza kimo cha mita moja. Kwa hivyo, ukuta ukianzia mita 1 kutoka sakafuni, utahitaji kusonga sentimita 80 tu kufikia kimo cha mita 1.8. Sehemu hiyo ya chini si hasara. Ndipo mahali pa rafu za vitabu, masanduku yenye magurudumu na viatu. Katikati paache wazi kwa kutembea.

Kitanda kinaweza kukaa chini ya mteremko, lakini kilalie kwanza kisha uketi ghafla, kama mtu aliyeamshwa na saa. Ukigonga kichwa, kisogeze. Meza ya kusomea iweke karibu na dirisha.

Picha na mapazia

Picha ikitundikwa kwa msumari mmoja kwenye ukuta ulioinama hubembea hewani. Zibane pembe zote nne, na usiweke kioo chochote juu ya mahali mtu analaza kichwa. Pazia la dirisha la paani lahitaji vyuma viwili, kimoja juu na kingine chini, ili lifuate mteremko badala ya kuning'inia.

Karatasi za ukutani zenye maua makubwa ziepuke, kwa sababu maua yatainama pamoja na ukuta, na joto pamoja na unyevu hulegeza gundi. Kuna wanaofunika mteremko wote kwa kanga au vitenge. Hupendeza, lakini stima ikipotea na mshumaa ukiwashwa, kitambaa hicho ni hatari. Weka tochi humo, na hakikisha ngazi haizibwi na mizigo.

Nawe mwanafunzi uliyekodi chumba cha aina hii, mwombe mwenye nyumba ruhusa kabla ya kugonga msumari. Akikataa, zulia dogo, shuka la rangi inayokupendeza na taa ya mezani iliyoelekezwa kwenye mteremko vitabadilisha chumba bila tundu hata moja. Mwanga huo hurudi chini kwa upole, na chumba hakionekani tena kama pango.

Kwa wazazi, neno moja. Mkishaziba paa na kupaka zile kuta, ule ukuta wa pembetatu mwachieni kijana achague rangi yake. Huenda akachagua msiyoipenda. Lakini yeye ndiye atakayelala humo, na mtoto aliyechagua rangi ya chumba chake hahitaji kusukumwa kwenda kusomea huko.