Jiwe Lililopoa Bila Haraka

Karibu na kivuko cha Kamanga, Mwanza, Jiwe la Bismarck limesimama majini juu ya wenzake kana kwamba limetuliwa kwa mkono. Wageni hulipiga picha, wakaondoka. Ningewaomba wasogelee jabali lolote la mji huo, walitazame kwa umbali wa shubiri. Wataona punje: nyeupe au za waridi ni felspa, zinazong'aa kama chupa iliyofifia ni kwatzi, vidoa vyeusi ni maika. Hilo ni itale, au graniti.

Ukubwa wa punje hizo ndio habari yenyewe. Uji wa mwamba ulioyeyuka ulikwama kilomita kadhaa chini ya ardhi, umefunikwa kama kaa ndani ya majivu, ukapoa taratibu mno. Mvuna chumvi wa pwani analijua jambo hili: maji ya bahari yakikauka polepole, chumvi hukua mawe; yakichemshwa haraka, hutoka unga. Baadaye mmomonyoko ukaondoa ardhi ya juu, maji yakapenya nyufa na kula pembe za mwamba, yakabaki majabali ya mviringo yaliyobebana.

Mjini Goma mambo yalikwenda mbio. Tarehe 17 Januari 2002 Mlima Nyiragongo ulipasuka ubavuni, uji wa moto ukapita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu. Uji wake una silika kidogo sana, kwa hiyo hutiririka kama mafuta. Ukikutana na hewa huganda kabla punje hazijakua, ukawa jiwe jeusi lenye vitundu vya gesi iliyotoroka. Wenyeji huyavunja mawe hayo wakajengea kuta palepale nyumba zao zilipofukiwa.

Silika ikiwa nyingi, uji huwa mzito kama ulimbo. Huko Eburru, karibu na Naivasha, uliganda bila punje hata moja: kioo cheusi ambacho watu wa kale walichongea visu. Ukijaa gesi huumuka povu, na hilo povu lililoganda ndilo jiwe la kusugulia visigino, linaloelea kwenye beseni.

Nirudi Mwanza, kwa akina mama wanaogonga kokoto. Kila nyundo ikishuka, jiwe linafunguka na kumeta. Uso ule una umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na ndiyo kwanza unaliona jua.