Breki za Upepo Zikaguliwe Kabla ya Mteremko

Malori yatokayo Dar es Salaam huingia Rwanda kwa daraja la Rusumo; yale ya Mombasa huweza kupitia Gatuna. Mengi huelekea Kigali, mji wa vilima, ambako lori lenye breki dhaifu ni hatari kwa kila aliye mbele yake. Sisi tuvaao sare, tukiwa wakaguzi au madereva, hatuna budi kuzifahamu breki za upepo.

Kazi hii ianze kabla ya safari, wala si mbele ya askari. Lori lisimame mahali tambarare, magurudumu yazuiwe kwa mawe au vigingi. Maji yatolewe katika matangi ya upepo, kwani hupunguza nafasi ya upepo na kuleta kutu. Upepo ukijaa, injini izimwe, breki ya kuegeshea ifunguliwe, na kanyagio likanyagwe kwa dakika 1. Baada ya mshuko wa kwanza, geji ya lori lenye trela ikizidi kushuka kwa zaidi ya bar 0.3, upepo unavuja.

Geji pekee haitoshi. Upepo waweza kuwa tele ilhali breki zimelegea. Mteremkoni ngoma ya breki hupata joto na kutanuka. Kijiti kinachosukuma breki hufika mwisho wake, na lori halisimami. Kwa hiyo kila gurudumu lichunguzwe.

Askari alizuiaye lori bovu asidhaniwe mkorofi: wa kwanza kuokolewa ni dereva mwenyewe.