Somo la Leo: Konokono Mwenye Mshale

Fungueni kitabu, tusome pamoja polepole.

Sisi wa Singida twamjua konokono wa shambani. Hula majani, hamchomi mtu. Leo tutajifunza habari za konokono wa baharini. Mtasema, "Bahari iko mbali, karibu kilomita 700. Yatuhusu nini?" Yatuhusu. Zamani misafara ya pwani ilileta bara vipande vya mviringo vilivyokatwa katika magamba ya konokono hawa, na watemi wa Unyamwezi walivivaa kuwa alama ya ukuu. Tena watoto wetu huenda Dar es Salaam na Tanga kutafuta kazi, nao hutembea ufukoni.

Gamba lake lina umbo la pia ya watoto. Wako wa aina nyingi. Mmoja ni mdogo, mweupe mwenye mabaka meusi. Huyo huishi penye miamba, mahali maji yanapokupwa na kujaa, naye huwinda minyoo ya baharini.

Je, mnyama aendaye polepole huwindaje? Wahadzabe wa Mkalama wanalijua jibu: mshale wenye sumu. Jino la konokono huyu ni kama mshale, tena lina uwazi ndani. Meno yake hukaa ndani ya mfuko kama mishale katika podo. Akinusa windo, hutoa mdomo mrefu kama mrija, hulichoma kwa jino moja, na sumu hupita humo. Windo hulegea, naye hulimeza zima. Jino hilo halitumiki tena. Mara nyingine huchukua jipya.

Huyu mdogo si hatari sana. Lakini ndugu yake mkubwa, alaye samaki, aweza kumwua mtu, kwa kuwa sumu yake huzuia pumzi. Dawa ya kuivunja sumu hiyo hakuna.

Basi shikeni haya matatu:

1. Usiokote gamba la namna hii lenye konokono ndani, wala usilitie mfukoni.
2. Aliyechomwa asitembee. Alazwe, apelekwe hospitali upesi.
3. Pumzi ikimkatika, apuliziwe mdomoni bila kuacha mpaka apate msaada.

Hata sumu ina faida. Kutokana na sumu ya konokono mmoja wa jamii hii, wataalamu walitengeneza dawa ya maumivu makali, nayo ilikubaliwa Marekani mwaka 2004.

Maswali: Jino la konokono huyu lafanana na nini? Mwanao akisafiri kwenda pwani, utamwonya nini? Andika jibu lako, umsomee jirani.