Njaa Hukaa Wapi?

Wanachama wenzangu, wengi hudhani njaa hukaa tumboni. La hasha! Mwenye amri ni ubongo. Tumbo likiwa tupu hutoa homoni iitwayo ghrelini, iliyogunduliwa Japani mwaka 1999. Hiyo husafiri kwa damu hadi sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi na kudai, "Leteni chakula!" Tukila, utumbo hutoa homoni nyingine, kama kolesistokinini, kusema, "Basi, imetosha." Lakini ujumbe huo huchelewa, pengine hata dakika 20. Ndiyo maana anayebugia githeri kwa dakika 5 hurudi foleni akidhani bado ana njaa. Wa nyuma wanakuta sufuria tupu, naye darasani anasinzia, tumbo limejaa pomoni! Mimi nasema, tutafune polepole. Haraka haraka haina baraka.