Nguvu, Kani na Kazi katika Fizikia ya Watu Wazima

Mtu mzima arudiye shuleni kujiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne haji mikono mitupu. Amekwisha kubeba magunia, kuteka maji na kununua umeme. Ingawa mtihani wenyewe nchini Tanzania huandikwa kwa Kiingereza, hoja huzichambua kwa Kiswahili. Istilahi zikivurugika hapo, huenda akaiacha shule mara ya pili.

Tuanze na neno nguvu, ambalo katika mazungumzo hubeba dhana tatu. Kisukumacho au kivutacho kitu ni kani, nayo hupimwa kwa nyutoni. Kiwezeshacho kazi kufanyika ni nishati, ipimwayo kwa jouli. Kiasi cha kazi ifanywayo kwa kila sekunde, kipimo chake wati, ndicho twaonelea kiachiwe neno nguvu. Mtumiaji wa LUKU anazifahamu mbili za mwisho, ila hajaambiwa: wati ziandikwazo juu ya taa ni nguvu, na "uniti" anazonunua ni nishati. Taa ya wati 60 ikiwaka kwa saa 10 hula uniti 0.6.

Neno kazi lina ugumu wa namna nyingine, kwa kuwa laweza kumuudhi mwanafunzi. Mchukuzi aliyesimama akingoja lori, gunia la kilo 100 begani, kifizikia halifanyii gunia hilo kazi yo yote, maana halisogei. Akiliinua mita 1.5 amefanya kazi ya jouli 1,500 hivi. Mchukuzi akikataa, mwalimu asimcheke. Misuli yake hujikaza na kulegea bila kukoma, ikitumia nishati ya chakula na kuitoa kama joto. Jasho lake si la uongo. Kwa hiyo mwalimu aseme daima kazi imefanywa juu ya kitu gani. Wapo waonao heri kubuni neno jipya kabisa. Hatuafikiani nao: Kiingereza nacho kilichukua neno la kila siku kikalibana maana, na neno geni lingemnyima mchukuzi nafasi ya kubisha, ambayo ndiyo mlango wake wa kuelewa.

Uzito hauhitaji maneno mengi. Kilo 50 zisomwazo kwenye mzani wa sokoni ni tungamo. Uzito wa mzigo huo ni nyutoni 490 hivi. Mwezini ungekuwa nyutoni 81 tu, tungamo ikibaki ile ile.